Barua pepe muhimu zijichape zenyewe: mwongozo kwa ofisi ndogo za Tanga

Ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari ya Tanga inaweza kupokea barua pepe 80 kwa siku, na zinazohitaji karatasi zikawa 10 tu: taarifa ya kuwasili kwa meli, hati ya shehena, D.O. (delivery order, yaani hati ya kuruhusu mzigo utolewe), ankara ya wakala wa meli, barua yenye kontroli namba. Hizo 10 ndizo zikichelewa kufika mezani, kontena linaanza kula tozo ya stoo. Hapa tunaeleza namna ya kuifanya kompyuta izichague na kuzipeleka kwenye printa bila mtu kubonyeza chochote. Mifano ni ya forodha, lakini hatua ni zilezile kwa ofisi ya shamba la mkonge inayopokea oda, au hoteli ya Raskazone inayopokea maombi ya vyumba.

Anza na orodha ya watumaji

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, pitia barua za wiki mbili zilizopita na uandike kwenye karatasi zile ambazo kweli zilichapwa na kutumika. Kwa kila moja andika mambo matatu: anwani kamili ya mtumaji, kinachohitajika (maneno ya barua yenyewe au kiambatisho chake), na nani huichukua. Anwani iandikwe herufi kwa herufi, hasa sehemu iliyo baada ya alama ya @. Jina linaloonekana juu ya barua halitoshi, kwa sababu mtu yeyote anaweza kujiita jina lolote.

Usichuje kwa maneno ya kichwa cha barua kama "URGENT" au "INVOICE". Kila muuza bidhaa duniani anaandika hivyo, na matapeli ndio wanaoyapenda zaidi. Chuja kwa mtumaji. Kichwa cha barua kitumike tu kupunguza, pale ambapo mtumaji mmoja anatuma barua za aina nyingi na wewe unataka aina moja.

Orodha ikizidi anwani 15, ipunguze. Barua 30 kwa siku zenye kurasa 3 kila moja, kwa siku 22 za kazi, ni kurasa 1,980: karibu rimu nne kila mwezi, na rundo ambalo hakuna atakayelisoma. Trei ikijaa vitu visivyo na maana, watu huacha kuiangalia, na siku D.O. ikitoka italala humo hadi jioni.

Itayarishe printa kwanza

Matatizo mengi ya kazi hii hayatoki kwenye barua pepe. Yanatoka kwenye printa, na ni yaleyale kila ofisi.

La kwanza ni printa kubadilika yenyewe. Windows ina mpangilio unaoifanya printa iliyotumika mwisho kuwa printa kuu. Karani akichapa risiti moja kwenye printa nyingine, barua zako zote zinazofuata zinahamia huko. Fungua "Settings", kisha "Bluetooth & devices", kisha "Printers & scanners", na uzime "Let Windows manage my default printer". Halafu fungua printa unayoitaka na ubonyeze "Set as default".

La pili ni anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha printa kwenye mtandao wa ofisi. Ruta hugawa anwani upya, hasa baada ya umeme kukatika na kurudi, na printa iliyokuwa 192.168.1.20 inaamka ikiwa 192.168.1.33. Kompyuta inaendelea kuitafuta kule kwa zamani na kuandika "Offline". Chapa ukurasa wa mtandao kutoka kwenye menyu ya printa, soma anwani yake ya MAC (namba ya kifaa chenyewe), ingia kwenye ruta na uitengee IP moja ya kudumu. Kisha ongeza printa upya kwenye Windows kwa kutumia IP hiyo, aina ya "TCP/IP Device", usiiache Windows ichague yenyewe aina ya WSD, ile ya kujitafutia printa mtandaoni. Kama printa inawaka, inachapa, na bado kompyuta inasema iko "Offline", nenda kwenye sifa za printa, kichupo cha "Ports", "Configure Port", uondoe tiki ya "SNMP Status Enabled".

La tatu ni ukubwa wa karatasi. Kompyuta na programu nyingi huja zikiwa na kipimo cha Marekani, yaani Letter. Printa ikiambiwa Letter na trei ina A4, inasimama na kusubiri mtu abonyeze kitufe, na barua zote za nyuma yake zinajipanga kwenye foleni. Weka A4 sehemu tatu: kwenye "Printing preferences" ya Windows, kwenye menyu ya printa yenyewe, na kwenye programu inayochapa.

Karatasi nayo inahitaji uangalizi kwa hali ya hewa ya pwani. Wakati wa masika rimu iliyoachwa wazi hunywa unyevu, inajikunja pembeni na kukwama kwenye roli. Tumia gramu 80, weka kwenye trei kiasi cha matumizi ya siku mbili tu, na rimu iliyobaki ibaki ndani ya ganda lake, imefungwa, mbali na sakafu. Kama unaweza kuchagua, chukua printa ya leza. Wino wa maji wa printa nyingi za bei nafuu husambaa ukiguswa na mkono wenye jasho, na nyaraka za forodha hushikwa na mikono mingi na kugongwa mihuri mingi kabla mzigo haujatoka getini.

Kuhusu umeme: kompyuta na ruta ziwe kwenye UPS, yaani betri ya akiba. Printa ya leza isichomekwe kwenye tundu la betri la UPS ndogo. Kifaa chake cha kuyeyusha tona huvuta mamia ya wati kwa mkupuo, na UPS hujizima papo hapo ikichukua na kompyuta. Ichomeke kwenye kizuia mawimbi ya umeme, na ikizimika, kazi zitasubiri kwenye foleni.

Njia ya kwanza: Outlook ya zamani na kanuni yake

Hii ndiyo nyepesi kuliko zote, na inafaa pale ambapo unachohitaji ni maneno ya barua yenyewe, kama barua ya kontroli namba. Inafanya kazi kwenye Outlook ya zamani ya Windows pekee, ile inayokuja na Office. Outlook mpya na ile ya kwenye kivinjari hazina kitendo cha kuchapa kwenye kanuni zake.

1. Fungua "Home", "Rules", kisha "Manage Rules & Alerts", na ubonyeze "New Rule".
2. Chagua "Apply rule on messages I receive", kisha "Next".
3. Weka tiki kwenye "with specific words in the sender's address", bofya maneno yaliyopigiwa mstari na uingize anwani zote za orodha yako, moja moja.
4. "Next" tena, kisha kwenye vitendo weka tiki "print it".
5. Kwenye ukurasa wa kuondoa baadhi ya barua, ondoa zenye neno "Out of Office" au "Automatic reply" kwenye kichwa.
6. Ipe kanuni jina, iwashe, umalize.

Outlook itakuambia kwamba kanuni hii ni ya upande wa kompyuta tu. Maana yake ni kwamba kompyuta ikizimwa au Outlook ikifungwa, hakuna kinachochapwa hadi ifunguliwe tena. Kwa hiyo kompyuta hiyo isilale. Fungua dirisha la amri na uandike:

powercfg /change standby-timeout-ac 0

Udhaifu mkubwa wa njia hii ni viambatisho. Kitendo cha "print it" kinachapa barua, na D.O. iliyo ndani ya PDF inabaki palepale. Mitandaoni utakuta ushauri wa kutumia kitendo cha "run a script" na kukirudisha kwa kubadilisha rejista ya Windows. Tunashauri uuache. Microsoft walikizima mwaka 2017 kwa sababu za usalama, na kompyuta inayopokea viambatisho vya watu wa nje kutwa nzima ndiyo ya mwisho kufunguliwa mlango huo.

Njia ya pili: printa yenye anwani yake

Printa kadhaa za HP na Epson zinaweza kusajiliwa zipate anwani yao ya barua pepe. HP huita huduma hiyo ePrint, na Epson huita Email Print, ndani ya Epson Connect. Ukituma barua kwenye anwani hiyo, printa inachapa viambatisho hata kama kompyuta zote zimezimwa. Kinachohitajika ni umeme, intaneti na karatasi. Angalia kwenye menyu ya printa yako kama huduma ipo kabla ya kuitegemea, maana si kila modeli inayo.

Ukisha isajili, unaweka kichujio kwenye Gmail kinachosogeza ("forward") barua za watumaji wa orodha yako kwenda kwa printa. Kuna vikwazo viwili. Gmail haikubali kusogeza barua hadi anwani mpya ithibitishe kwa namba ya siri, na namba hiyo hutumwa kwa printa. Basi fungua ruhusa ya watumaji wote kwa dakika chache, subiri karatasi yenye namba itoke, iingize kwenye Gmail, kisha ufunge ruhusa. Kikwazo cha pili: barua iliyosogezwa na kichujio hubaki na jina la mtumaji wa asili. Kwa hiyo orodha ya wanaoruhusiwa kwenye printa lazima iwe na anwani za mawakala wa meli wenyewe. Ukiweka anwani ya ofisi yako peke yake, printa itazikataa zote.

Usiiache printa ipokee kutoka kwa kila mtu. Anwani ikivuja, utaamka ukute trei imejaa matangazo.

Njia ya tatu: Gmail, folda na SumatraPDF

Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa ofisi inayotegemea viambatisho, kwa sababu inachapa PDF, inahifadhi nakala, na kila hatua yake unaweza kuiona kwa macho. Mlolongo ni huu: Gmail inaweka lebo, Google Apps Script (huduma ya Google ya kuendesha msimbo mfupi unaouandika) inatoa PDF na kuiweka kwenye folda ya Drive, Drive inaishusha kwenye kompyuta ya ofisi, na SumatraPDF, programu ndogo ya kufungua PDF, inaichapa. Google Cloud Print, iliyokuwa ikifanya sehemu ya kazi hii, ilifungwa tarehe 31 Desemba 2020. Mwongozo wowote unaoitaja umepitwa.

Kwenye Gmail, fungua kichujio kipya. Kwenye "From" weka anwani zako zikitenganishwa na neno OR. Bonyeza "Create filter", weka tiki "Apply the label" na utengeneze lebo iitwayo Chapa. Kuna kisanduku cha "Never send it to Spam". Usikitie tiki. Kinazuia Gmail kuzitenga barua za kughushi zinazojifanya zimetoka kwa wakala wako, na hizo ndizo hutaki zitoke kwenye printa yako. Badala yake, mtu mmoja apitie folda ya taka asubuhi na mchana.

Tengeneza folda iitwayo Ingia kwenye Drive. Ifungue kwenye kivinjari na unakili herufi ndefu zilizo mwisho wa anwani yake. Hizo ndizo kitambulisho chake. Kisha nenda script.google.com, anzisha mradi mpya, futa kilichomo na ubandike hiki:

function hifadhi() {
  const ruhusa = ["docs@mfano.com", "ankara@mfano.com"];
  const lebo = GmailApp.getUserLabelByName("Chapa");
  const folda = DriveApp.getFolderById("KITAMBULISHO");
  lebo.getThreads().forEach(uzi => {
    uzi.getMessages().forEach(b => {
      const toka = b.getFrom().replace(/^.*<|>.*$/g, "").toLowerCase();
      if (b.isStarred() || !ruhusa.includes(toka)) return;
      const saa = Utilities.formatDate(b.getDate(), "Africa/Dar_es_Salaam", "yyyyMMdd-HHmmss");
      const pdf = b.getAttachments().filter(f => f.getName().toLowerCase().endsWith(".pdf"));
      pdf.forEach((f, i) => folda.createFile(f.copyBlob().setName(saa + "-" + (i + 1) + ".pdf")));
      if (pdf.length === 0) {
        const mwili = Utilities.newBlob(b.getBody(), "text/html").getAs("application/pdf");
        folda.createFile(mwili.setName(saa + "-barua.pdf"));
      }
      b.star();
    });
    uzi.removeLabel(lebo);
  });
}

Badilisha anwani za mfano ziwe zako, zote kwa herufi ndogo, na weka kitambulisho cha folda. Mambo matatu ndani ya msimbo huu yana sababu zake. Nyota ni alama kwamba barua hiyo imekwisha shughulikiwa; bila hiyo, jibu moja jipya kwenye mazungumzo ya zamani lingechapa upya nyaraka zote za wiki nzima. Kwa hiyo wafanyakazi wasitumie nyota kwa jambo lingine kwenye kikasha hicho. Orodha ya ruhusa imerudiwa humu ingawa kichujio tayari kinayo, kwa sababu lebo inashika mazungumzo yote, yakiwamo majibu yenu wenyewe na ya watu wengine. Na PDF peke yake ndizo zinazochukuliwa, la sivyo kila nembo ndogo iliyo chini ya sahihi ya mtumaji ingekula karatasi yake. Barua isiyo na PDF kabisa inachapwa maneno yake.

Bonyeza "Run" mara moja. Google itaomba idhini na huenda ikaonya kwamba programu haijahakikiwa. Ni yako mwenyewe, pitia "Advanced" na ukubali. Kisha fungua alama ya saa pembeni, "Add Trigger", chagua hifadhi, "Time-driven", "Minutes timer", "Every 5 minutes". Kwenye mipangilio ya mradi hakikisha saa ni ya Dar es Salaam.

Kwenye kompyuta ya ofisi, sakinisha Google Drive ya mezani na uchague "Mirror files", ili mafaili yawe kwenye diski kweli, si vivuli vinavyosubiri kufunguliwa. Tengeneza folda C:\Barua na ndani yake Tayari. Pakua SumatraPDF, toleo lisilohitaji kusakinishwa, na uliweke C:\Barua kwa jina SumatraPDF.exe. Halafu fungua Notepad, andika yafuatayo na uhifadhi kama C:\Barua\chapa.ps1:

$ingia = "C:\Users\ofisi\My Drive\Ingia"
$tayari = "C:\Barua\Tayari"
$printa = "PRINTA-OFISI"
Get-ChildItem $ingia -Filter *.pdf | Sort-Object Name | ForEach-Object {
  $hoja = "-print-to `"$printa`" -print-settings `"paper=A4,fit,monochrome`" -silent `"$($_.FullName)`""
  Start-Process "C:\Barua\SumatraPDF.exe" -ArgumentList $hoja -Wait
  Move-Item $_.FullName $tayari -Force
}

Nakili njia ya folda kutoka kwenye upau wa anwani wa Windows, usiikisie. Jina la printa liandikwe kama linavyoonekana kwenye "Printers & scanners", nafasi na herufi kubwa zikiwemo. Ukitaka kurasa mbili za mwanzo tu, ongeza 1-2 na mkato kabla ya paper. Hati za shehena mara nyingi huja na ukurasa wa masharti wa maandishi madogo ambao hakuna anayeuhitaji, lakini usikate kurasa za ankara, jumla huwa mwisho.

Sasa iwekee ratiba:

1. Fungua Task Scheduler, bonyeza "Create Task".
2. Acha "Run only when user is logged on".
3. Kichochezi kiwe "At log on", kirudie kila dakika 5, muda uwe "Indefinitely".
4. Kitendo: programu ni powershell.exe, na hoja zake ("Add arguments") ni -NoProfile -ExecutionPolicy Bypass -WindowStyle Hidden -File C:\Barua\chapa.ps1
5. Kama ni laptopu, kwenye "Conditions" ondoa tiki ya "Start the task only if the computer is on AC power".
6. Kwenye "Settings" chagua "Do not start a new instance", ili kazi mbili zisigombee faili moja.

Barua itatoka kwenye trei ndani ya dakika 10 hivi tangu iingie: hadi 5 za Gmail, muda mfupi wa kushuka, na hadi 5 za kompyuta. Kwa ofisi ya forodha inatosha.

Wanaotumia Microsoft 365 wafanye hatua za mwanzo kwa Power Automate. Kuna kiolezo cha kuhifadhi viambatisho vya barua kwenye OneDrive. Weka sharti la mtumaji, elekeza folda, na sehemu ya SumatraPDF ibaki ilivyo. Folda hiyo iwekee "Always keep on this device".

Karatasi ya kila asubuhi

Mfumo wa aina hii ukifa, haupigi kelele. Trei tupu saa 5 asubuhi inaweza kumaanisha hakuna barua, na inaweza kumaanisha kwamba nenosiri limebadilishwa juzi na tangu hapo hakuna kilichochapwa. Ofisi iliyokwisha zoea karatasi haiangalii tena kikasha, na hapo ndipo hasara inapoingia.

Kwa hiyo weka barua ya majaribio inayotoka nje. Kwenye akaunti nyingine ya Gmail, ya meneja kwa mfano, tengeneza mradi wa Apps Script wenye mstari mmoja wa kazi:

function jaribio() { MailApp.sendEmail("ofisi@mfano.com", "Jaribio la asubuhi", "Mfumo unafanya kazi."); }

Uwekee kichochezi cha kila siku kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi. Kwenye skrini ni "7am to 8am". Ongeza anwani hiyo kwenye kichujio na kwenye orodha ya ruhusa. Karatasi hiyo ikitoka, mlolongo mzima uko hai, kuanzia Gmail hadi tona. Isipotoka hadi saa 2 na nusu, siku hiyo watu wasome kikasha kwa macho huku tatizo likitafutwa. Isitupwe: iwe daftari la siku, kila anayechukua hati aandike jina na saa.

Ikikwama

Tafuta faili limeishia wapi, na utajua pa kushika. Kama barua ina lebo ya Chapa na haina nyota, tatizo liko Apps Script. Fungua "Executions" usome kosa. Kama barua ina nyota na folda ya Ingia kwenye kompyuta ni tupu, na Tayari pia haina kitu, Drive haishushi. Mara nyingi imetoka kwenye akaunti au diski imejaa. Kama PDF zimerundikana Ingia, kazi ya ratiba haiendi, na sababu ya kawaida ni kwamba umeme ulikatika, kompyuta ikawaka tena, na hakuna aliyeingiza nenosiri. Unaweza kuiweka BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta, kabla ya Windows) iwashe kompyuta umeme ukirudi, lakini usiondoe nenosiri kwenye mashine iliyoko mapokezi ili kukwepa hatua hiyo.

Kama faili liko Tayari na karatasi haipo, fungua foleni ya printa. Tayari ina maana kwamba faili limekabidhiwa kwa Windows, si kwamba limetoka. Huenda karatasi imeisha, au kazi moja mbovu imeziba njia. Kwa hiyo ya pili, fungua dirisha la amri kama msimamizi:

net stop spooler
del /Q %systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*
net start spooler

Amri hizi zinafuta kila kilichokuwa kwenye foleni, pamoja na kazi za wenzako, basi waambie kwanza.

PDF zenye nenosiri, kama taarifa za benki, hazitachapwa kwa njia hii. Barua zenye kiungo cha kupakulia badala ya PDF zitachapa maneno yake tu, na mtu atalazimika kufungua kiungo mwenyewe. Muombe mtumaji akutumie kiambatisho. Wengi hukubali ukiwaandikia.

Nani anaiona trei

Karatasi ina nguvu ambayo skrini haina: mhasibu akiona ankara iliyochapwa ikiwa na nembo na muhuri, huamini. Matapeli wanaoingilia mazungumzo ya biashara hutuma ankara ileile yenye akaunti mpya ya benki, wakati mwingine kutoka kwenye kikasha halisi cha mtumaji kilichodukuliwa, na hapo hakuna kichujio kitakachowazuia. Bandika juu ya printa agizo moja: akaunti ya malipo ikibadilika, piga simu kwa namba ya zamani iliyoko kwenye faili la ofisi, isiwe ile iliyochapwa kwenye ankara.

Printa isikae mahali wateja wanaposubiri. Nyaraka hizi zina majina, namba za simu, TIN na thamani za mizigo ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaiwajibisha ofisi kuzilinda zikiwa kwenye karatasi kama zinavyolindwa kwenye kompyuta. Zilizoharibika zichanwe, zisigeuzwe karatasi za kufungia vitu.

Folda ya Tayari isafishwe kila mwisho wa mwezi: hamisha mafaili kwenye folda ya mwezi husika, ndani ya diski ya nje inayofungiwa kabatini. Hati ikipotea kati ya ofisi na bandari, tafuta faili lake kwa tarehe na saa, weka nakala yake Ingia, na ndani ya dakika 5 litatoka tena.